Walifuta alama za Wilbroad, kisha wakamsimamisha kazi

Ni Jumanne, Machi 11, 2025, saa mbili na dakika ishirini asubuhi. Wilbroad Lugembe amepiga goti katika chumba cha mitambo cha redio ndogo ya jamii, Itetemia, pembezoni mwa mji wa Tabora. Bisibisi ameibana kwa meno. Mbele yake kuna sanduku lenye diski nne, na kompyuta imetoa onyo: moja imekufa.

"Toa namba tatu," anasema meneja wake, Justus, akisoma karatasi.

"Hizi namba siziamini, bosi. Si mimi niliyezibandika."

"Mzee, wewe ni darasa la saba. Fuata namba."

Wilbroad anafuata namba. Anachomoa namba tatu. Redio inanyamaza.

Diski aliyoichomoa ilikuwa nzima. Mbovu ilikuwa yenye stika ya namba moja.

Mafundi wanaita mpangilio huo reidi: diski nne zinazofanya kazi kama moja. Ikifa moja, tatu zilizobaki zinabeba mzigo wake. Zikikosekana mbili, kila kitu kinasimama. Humo mlikuwa na vipindi 9,400 vya miaka kumi na mmoja.

Humo pia mlikuwa na sauti ya Marcelina, mke wa Wilbroad, aliyefariki mwaka 2020. Kila Jumamosi aliwafundisha wanawake ufugaji wa nyuki. Nyumbani hana hata neno lake moja. Simu aliyokuwa akimrekodia iliibwa stendi.

"Mimi nilibaki na redio tu," anasema. "Na hiyo nayo wakaitia mkono."

Wilbroad, mwenye miaka 57, alizaliwa Ipole, kwa wafuga nyuki. Huko kila mwenye mzinga ana alama yake. Baba yake alizipaka rangi ili zionekane kwa mbali, kisha akazikata kwa kisu ili mvua isizifute.

Ndivyo alivyozitia alama diski zake. Ya kwanza alama ya baba yake, ya pili ya mjomba wake, ya tatu yake mwenyewe, ya nne ya Marcelina, aliyeachiwa mizinga sita na wazazi wake. Alipaka rangi, kisha akakwaruza chuma kwa msumari. Kwa kuzitazama tu alijua ipi inaanza na ipi inafuata.

Februari ikaja habari ya wageni watakaoitembelea redio. Ofisi ikaamua kwamba chumba cha mitambo kina michoro ya kishamba. Diski zikachomolewa, zikasuguliwa kwa spiriti, zikabandikwa stika mpya kwa namba za kubahatisha. Wilbroad alikuwa likizo. Hakupigiwa hata simu.

"Mtu amevaa tai, hajui hiki wala kile, anaamuru vitu vifutwe," anasema, sauti ikipanda. "Mimi nimeitunza mashine ile miaka kumi na mmoja. Mbona haikuwahi kupotea hata salamu moja ya wasikilizaji?"

Hata asubuhi ile jambo lilikuwa bado linaponyeka. Alitaka kuirudisha ile diski na kuacha kila kitu kitulie. Justus akamwita kijana wa mjini mwenye cheti, Deus, ambaye aliiamuru kompyuta iunde mpangilio upya kwa kufuata stika zilezile.

"Nikamwambia, bwana mdogo, hapo unajenga nyumba juu ya watu waliolala. Akacheka. Nikachomoa waya ukutani."

Waya huo ndio uliookoa vipindi, kwa sababu kompyuta ilikuwa imeshaanza kuandika juu ya vya zamani. Waya huohuo ndio ulioandikwa kwenye barua yake: amezima mtambo bila idhini. Akasimamishwa kazi siku hiyohiyo.

Wiki tatu baadaye mtaalamu mmoja wa Dar es Salaam alisema kwa simu kwamba hakuna cha kuokoa, diski zifutwe. Mtangazaji Theodora akazifungia kabatini na kuweka ufunguo kwenye mkoba wake.

"Niliwaambia bodi, mwiteni Baba Raymundi," anasema Theodora. "Kama mnaamini zimekufa, mnaogopa nini akizigusa?"

Wilbroad, ambaye ndiye Baba Raymundi kwa jina la mwanawe, alipewa siku mbili. Kwanza alinakili kila diski nzima kwenye diski nyingine, ili akikosea, akosee kwenye nakala. Kisha akabandua stika kwa ukucha. Rangi ilikuwa imekwenda na spiriti. Mikwaruzo ya msumari ilikuwepo.

"Bila ile mikwaruzo kulikuwa na njia ishirini na nne za kuzipanga," anasema. "Mimi nilihitaji moja."

Iliyokufa ilikuwa yenye alama ya Marcelina. Alipanga tatu zilizobaki, baba, mjomba na yeye, akaacha pengo la nne, akaiambia kompyuta ijazie kutokana na hizo tatu. Orodha ikafunguka. Akachagua Jumamosi moja ya mwaka 2018.

"Shikamooni wazee wangu, na ninyi kina mama wa Sikonge, leo tusiogope kung'atwa," ikasema sauti.

"Baba Raymundi alikaa sakafuni," anasema Theodora. "Nikatoka, nikafunga mlango."

Vipindi 9,112 vimerudi. Wageni walipokuja, meneja aliwashukuru "wataalamu wetu". Alipopigiwa simu kuhusu habari hii, Justus alijibu kwamba hilo ni suala la ndani.

Barua ya kumsimamisha Wilbroad haijafutwa hadi leo. Akiba ya nyumbani ni asali. Amechonga mizinga mipya minne yenye alama ya Marcelina, na anataka kuitundika Ipole kabla ya miti ya miyombo kuchanua. Kazini atarudi, anasema, siku atakapojibiwa barua yake mwenyewe. Nakala anayo mfukoni, ina muhuri wa kupokelewa na mstari mmoja tu wa maandishi ya mkono:

"Nani aliamuru alama zangu zifutwe?"