Siku Anyango Alipoimba "Mlango Sijafunga"

Siku yangu ya kwanza kazini nilitoka Gatwekera kwa miguu hadi studio mjini, viatu mkononi ili vifike bila matope. Mkuu wa bendi aliniweka kwa waitikiaji, yaani sisi tunaomjibu mwimbaji kiongozi. Tulikuwa wawili kwenye maikrofoni moja, mimi na Anyango, na mwenye sauti kubwa alisimama nyuma kidogo. Huyo nilikuwa mimi. Nyinyi vijana mnarekebisha sauti kwa kompyuta. Sisi bendi nzima ilipiga pamoja, na mmoja akikosea, wote tunaanza upya.

Tuliitikia miaka mingi, kwenye klabu, harusi na mikutano ya wanasiasa. Kisha mkuu wa bendi akatunga wimbo wa soul, "Mlango Sijafunga", wa mwanamke anayemwita mume aliyemwacha. Akasema niuongoze mimi. Niliufanyia mazoezi nikifua, nikipika, mpaka majirani wakaujua.

Siku ya kurekodi niliuimba bila kosa. Mtayarishaji, yule anayeamua kipi kiingie kwenye santuri, akataka Anyango naye ajaribu. Wote tulijua mume wa Anyango alikuwa amehamia kwa mwanamke mwingine Kawangware. Alipofika kwenye neno "mlango", sauti ikakatika. Akavuta pumzi, akaendelea. Alipomaliza aliomba msamaha, akataka kurudia.

"Hapana," mtayarishaji alisema. "Hiyo ndiyo tunatoa." Kisha akanigeukia. "Wewe unaimba vizuri, mama. Lakini huyu anaita mtu."

Wimbo ulishika nchi nzima. Redio ziliupiga asubuhi na jioni, nami ndani yake naitikia, "Rudi, rudi." Nilikonda kwa wivu. Jioni nilimtazama mume wangu Wafula, fundi wa mbao, akila ugali wake kimya, nikamkasirikia kwa sababu hajawahi kuniacha. Aliniuliza amekosa nini. Nikamwambia ale.

Halafu mume wa Anyango akarudi. Alisema aliusikia wimbo kwa kinyozi, akainuka kabla hata hajamaliza kunyolewa. Hilo nalo nilimwonea wivu Anyango.

Sasa nimestaafu. Mkuu wa bendi na mtayarishaji wametangulia, na Wafula alifariki mwaka jana. Mimi na Anyango tumepanga vyumba kwenye ploti moja huku Kabiro. Vijana wakija kuuliza habari za ule wimbo, tunawapa chai na kuwasimulia, kila mtu kwa upande wake. Sauti yake imeisha, yangu pia, kwa hivyo hapo hatuna tena la kushindania.

Mume wake siku hizi hasikii vizuri, naye hushinda nje akiota jua. Kila mchana Anyango humwita mara ya kwanza, ya pili, mpaka anakasirika: "Baba Otieno, nimesema chakula kinapoa." Mimi niko chumbani kwangu, napakua sahani moja, na wivu ni ule ule.