Siku Tuliyomcheka Foibe

Nakumbuka siku tulipoanua matanga ya baba yetu, kule Kongwa. Mdogo wangu Foibe alikuja kutoka Ulaya, alikokuwa akifanya kazi ubalozini. Usichanani alivishwa taji la urembo hapa Dodoma. Mimi niliishia darasa la nne, yeye akasoma mpaka akawa anakaa meza moja na mawaziri. Sisemi kwa wivu, mwanangu. Nasema ujue.

Wazee walipokaa kujadili shamba, Foibe akasimama. Akasema lisiuzwe, tupande zabibu, mama apate cha kula uzeeni, soko atatafuta yeye. Alisema vizuri, hata mtoto angeelewa. Baba mdogo akamtazama juu mpaka chini.

"Tumesikia. Sasa hebu tembea kidogo hapa mbele yetu, mrembo, kama ulivyotembea jukwaani mbele ya majaji."

Wanaume wakacheka. Na sisi wanawake pale mkekani, mwanangu, tukacheka kuwazidi. Foibe, ambaye wazungu walikuwa wakinyamaza kumsikiliza akisema, akakaa chini.

Shangazi yetu, kizee wa kutembelea fimbo, hakucheka. Akatugeukia: "Chekeni tu. Mtakapofukuzwa shambani, mtanionyesha hayo meno yamewafaa nini."

Shamba akapewa kaka yetu. Misimu miwili haikuisha, akaliuza. Mama alifia chumba cha kupanga, Area D mjini Dodoma, akiuliza kama mtama kule shambani umeshapaliliwa. Foibe aliacha ubalozi akafungua biashara ya mvinyo. Leo zabibu anazinunua kwa mgeni mwenye shamba lile lile, na mimi nachuma pale kwa kibarua. Kwenye hafla bado wanamtambulisha "mrembo wetu wa zamani". Kazi zake baadaye, wakikumbuka. Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tulimwona yeye ndiye mkakasi, kumbe kipande cha mti ni sisi.

Basi sikia. Mwenzako akisimama kusema la kukufaa, usimcheke ili wakubwa wakupende. Mcheka na wenye nguvu hapewi shamba. Na wewe uliyejaliwa sura, wakikutania katikati ya neno la maana, usikae. Malizia, ndipo ukae.

Mungu akujalie ndugu atakayesimama nawe siku hiyo. Foibe alikuwa na mimi tu.