Msumeno Niliofunga Kinyume

Kosa lilikuwa langu, jamani, wala sitamsingizia mtu. Jina langu silitaji, maana Malaba bado wananicheka!

Miaka michache baada ya Uhuru nilikuwa fundi katika karakana ya Mzee Ekisa pale Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, karibu na reli. Tulikuwa na mashine ya kukatia vyuma, ya dizeli. Msumeno wake ni mkanda mrefu wenye meno, unaozunguka kwenye magurudumu mawili.

Mimi ni mtu wa kuhamahama. Lakini pale mzee aliniahidi: "Mkanda mmoja ukimaliza kukata vyuma vya madirisha yote ya shule tuliyopewa kazi, nakufanya nyapara. Na kile chumba cha nyuma ni chako."

Chumba changu mwenyewe! Sikulala usingizi kwa furaha.

Nikatumwa Busia kwa Bwana Salim, muuza vyuma. Akanipa mkanda mpya, umekunjwa mizunguko mitatu. "Siku ya kwanza uubembeleze," akanionya. "Usiukandamize. Uumwagilie maji ya sabuni."

Laiti ningeenda moja kwa moja! Lakini kila penye watu nilisimamisha baiskeli, nikaukunjua mkanda uruke kama nyoka, akina mama wakimbie, nicheke, niukunje tena. Katika mchezo huo ukageuka ndani nje, kama soksi. Mimi sina habari.

Nikaufunga hivyo hivyo. Ukapiga kelele, ukatoa moshi, chuma hakikukatika. Nikaweka jiwe juu ya mkono wa mashine ili uukandamize mkanda. Nikaongeza la pili. Mwishowe nikaukalia mkono huo mwenyewe!

"Fundi," mzee akauliza, "unakata chuma au unaatamia?"

"Mkanda mbovu, mzee! Salim ni mwizi!"

Nikarudi Busia, nikamwita mwizi mbele ya wateja wake. Alifunga duka, tukapanda lori la pamba hadi Malaba. Akahakikisha mashine imezimwa, akainama, akapitisha kidole kwenye meno.

"Fundi, meno yanaangalia Uganda, na chuma kiko Kenya!"

Karakana nzima ikaanguka kwa kicheko. Akaugeuza mkanda, akaufunga upya. Lo! Meno nilikuwa nimeshayamaliza. Ulikata vipande vitatu, cha nne ukakilamba tu kama kibogoyo aliyepewa mahindi makavu. Madirisha ya shule yakabaki pale pale.

Nikamwomba Salim msamaha, akanisamehe papo hapo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi!

Mzee Ekisa akauvua ule mkanda kwenye magurudumu. "Kile chumba nimekipatia kazi," akasema. "Nitaweka mikanda mipya humo. Ikae mbali na wewe."

Mikanda ikapata nyumba, mimi nikashika barabara. Nimefika miji mingi tangu hapo, na hakuna nilioupenda kama Malaba.

Mafundi wenzangu, mkanda mpya ukikataa kukata, zimeni mashine, mwiname, mtazame meno yanaelekea wapi. Msiongeze jiwe! Na msimwite mtu mwizi kabla ya kuinama. Kuinama ni dakika moja tu, nami niliona uvivu.