Shikamoo Niliyoitoa Hewani

Naikumbuka siku moja kule kijijini Masaki, si ile Masaki ya mjini, mwanangu, na hata leo nikisikia redio ya upepo, hizi za kuitana, ikikwaruza, moyo hunienda mbio. Nilikuwa mlinzi wa msitu, kijana, kifua mbele. Wachoma mkaa walikuwa wanatumalizia miti, na aliyetupa habari zao kwa siri ni Mzee Kondo, mkulima wa korosho na mihogo kando ya msitu. Tulimpa redio ya mkononi kama zetu. Mkuu wangu akanionya: "Hewani hana jina huyo. Mwite Saba."

Ebo! Mimi nimwite mtu mzima Saba? Nimelelewa Mlandizi mimi, kwetu mkubwa huamkiwa. Asubuhi ile nikabonyeza redio: "Shikamoo, Mzee Kondo. Wamepita wangapi leo?"

Kisha sauti nisiyoijua ikajibu, "Marahaba," ikacheka.

Yarabi! Kumbe wale jamaa nao walikuwa na redio, wanatusikiliza kila siku. Nikarukia pikipiki, na sasa ndipo naita Saba, Saba, njia nzima. Nikakuta mlango umevunjwa, redio imepondwapondwa uani. Nikajua nimeua mtu.

Niliita mpaka sauti ikakauka, ndipo Mzee Kondo akatoka katikati ya mihogo alikojificha, shati limechanika. Nikataka kumwamkia, akanizuia kwa mkono.

"Ungeniita Saba nisingekasirika, mwanangu. Umeniheshimu, na sasa sina pa kulala."

Alihamia Mkuza kwa binti yake. Mikorosho yake aliiacha, wala hakuthubutu kurudi tena.

Ulimi huponza kichwa, walisema wahenga. Wangu uliponza kichwa cha mwenzangu. Nawe umeanza kazi bandari kavu ya Kwala, redio umepewa, na roho yangu haitulii. Usiniambie, "Mzee, hizi ni za kisasa." Uliza kama zina ufunguo wa siri unaovuruga maneno kwa asiyehusika, na mtu akiacha kazi ufunguo ubadilishwe. Bluetooth ya simu yako nayo usiiache wazi, ikaungana na kila kifaa kinachopiga hodi. Na hata ukiwa na makufuli yote ya dunia, jina la mtu aliyekuamini usilitaje hewani. Shikamoo yake mpelekee nyumbani kwake.

Mungu akulinde, mwanangu, na awalinde wote ambao usalama wao umo kinywani mwako.