LuAnn na Mashine ya Vikombe Viwili

Tangu utotoni, LuAnn Vandehey wa Wisconsin alikuwa akikamua ng'ombe kwa mashine, lakini aliapa kwamba yeye mwenyewe hatafungwa mashine yoyote. "Mimi si ng'ombe!" alimfokea mumewe, Curt, tumbo lilipoanza kumtangulia mlangoni.

Ila zizi halijui likizo ya uzazi. Siku moja, wakiwa kwenye kazi ya kukamua, alikubali yaishe, akawapigia simu watu wa bima ya afya kuomba pampu ya kukamulia maziwa ya mama, akiweka sauti ya nje ili mikono ibaki huru. Walimsikilizisha muziki mpaka akaanza kuuimba. Kisha akaja dada mmoja mchangamfu.

"Hongera, mama! Cheti cha daktari tumekipata, na pampu bima inalipa yote. Wewe chagua tu. Ya mkono au ya umeme?"

"Ya mkono ya nini tena, dada? Umeme!"

"Ya kuchomeka ukutani au ya kutembea nayo?"

"Ya kutembea. Mimi kutwa niko zizini."

Kumbe jambo lenyewe ni jepesi hivi! Kwa furaha, LuAnn akauliza kama anavyomuuliza kila muuza mashine za kukamulia ng'ombe:

"Na ina vikombe vinne, sivyo?"

"Ina viwili, mama," dada akajibu kwa upole. "Kwani wewe unayo mangapi?"

LuAnn akamgeukia mumewe, kidole juu. "Curt, usithubutu kusema neno!"

Curt hakusema neno. Alilia tu, "Mooo!" na zizi zima likamwitikia.