Draiva wa Alizeti

Mama aliwaambia majirani kwamba mimi ni draiva. Mmoja akaja na magunia mawili ya alizeti, nimpelekee kwenye mashine ya kukamua mafuta. Mama akacheka: "Huyu gari lake halitoki chumbani."

Neno hilo nilimfundisha mwenyewe. Soko huria lilikuwa limetuletea mitumba ya kila kitu, kuanzia suruali hadi kompyuta, na kompyuta yangu ilifika kwetu Unyambwa bila kadi ya picha, kile kipande kinachochora vitu kwenye kioo. Basi nikaanza kuandika draiva, programu ya kuifanya kompyuta ichore bila kadi. Kwa kila nukta ya kioo iliendesha maagizo mafupi: hapa jua linapiga, hapa ni kivulini, rangi iwe hii. Nilichagua kuchora shamba la mama la alizeti kule Issuna. Hakuweza tena kulifikia. Ugonjwa wa vikope ulikuwa unamla macho, na daktari alishasema hayatapona. Nilitaka alione mara moja kabla giza halijafunga.

Picha ya kwanza ilichukua saa nzima kuchoreka, nami nikaiona mbaya.

"Nionyeshe hivyo hivyo," mama alisema.

"Haraka haraka haina baraka, mama."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Sikumsikia. Ukaidi wangu naujua. Nikaipanga upya draiva ili nukta nne ziendeshwe kwa pamoja, picha itoke upesi, na hapo palinishinda: katika nne hizo, nyingine ziko juani, nyingine kivulini, na kila moja inataka njia yake. Miezi ikaisha nikihangaika na nukta.

Siku niliyomwita, alikuja akipapasa ukuta. Nikadhani ni uchovu. Nilimkalisha mbele ya kioo, nikabonyeza, nikabaki namtazama yeye, maana uso wake ndio niliokuwa nimeufanyia kazi muda wote ule.

"Unaona, mama?"

"Naona, mwanangu. Zimeinamisha vichwa. Zimeiva." Akanishika mkono. "Hongera, draiva."

Ndipo nikageukia kioo. Kilikuwa cheusi tii. Nilikuwa nimekosea sharti moja la kutenga jua na kivuli, nukta zote zikapelekwa kivulini.

Sikumwambia. Yeye pia hakuniambia kwamba haoni tena.

Kesho yake nililipata kosa, mstari mmoja tu. Shamba likawaka manjano kioo kizima, na mama alikuwa amekaa pale pale karibu yangu, akichambua mchele kwa vidole.