Kicheko Alichokimeza Jaha

Jaha hakuwa mtu wa kutulia. Hata chai aliinywa akizunguka ua, kikombe mkononi, akiokota kijiti hapa na kuanua kanga pale. Mumewe, Abdulkadiri, alikuwa akisema ameoa mwanamke mwenye upepo wa Dodoma mwilini, na anayeujua upepo huo wa kiangazi anajua jinsi usivyomwacha mtu hata afumbue macho vizuri.

Zamani hali hiyo ilikuwa na pa kwenda. Alikuwa mpokea simu katika shirika moja la umma pale mjini. Kutwa alikaa mbele ya ubao wa nyaya, akichomeka huku na kuchomoa kule, akiwaunganisha wakubwa wa Dar es Salaam na watunza bohari wa Singida, Kiswahili kwa Kiingereza. Maneno ya watu yalimpitia yakaenda zake, wala hakuna aliyemuuliza yana maana gani. Kisha shirika likauzwa. Wenye mali wapya wakaja na mitambo inayojiunganishia yenyewe, na Jaha akarudi nyumbani Nkuhungu na mkoba wake, asijue auweke wapi.

Abdulkadiri alikuwa mtu wa biashara za wakati ule. Leo mitumba, kesho betri za redio, mwezi ujao sabuni za magendo zilizokuwa hazihitaji tena kuitwa za magendo. Mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi alinunua runinga na deki ya video, akavitia katika stoo ambayo baba yake alikuwa akihifadhia ngozi. Akapanga mabenchi, akaning'iniza blanketi mlangoni, na ukumbi ukaanza. Filamu za ngumi hazikuhitaji mkalimani. Hata za Kihindi watu walilia wenyewe mahali pa kulia.

Taabu ilikuja na kanda ya katuni.

Abdulkadiri aliileta kutoka Dar akidhani ni ya watoto. Siku ya kwanza wazazi walikuja na watoto wao, na haukupita muda wakawa wanawatoa wamewafumba macho. Kumbe ilikuwa katuni ya watu wazima. Ilimhusu mzee mmoja mwenye sharubu zilizopinda, ambaye watu wa Nkuhungu walimwita Sharubu papo hapo, na mkewe mnene mwenye sauti nzito, na jirani yao ambaye hufungua mwavuli ndani ya nyumba. Sehemu zilikuwa nyingi, kila moja na vituko vyake. Na ndani ya kanda kulikuwa na kicheko cha watu wasioonekana. Mtu akitamka neno la kuchekesha, watu hao huangua kicheko, kwa hiyo hata asiyejua Kiingereza alijua kwamba hapo pamepita kitu na yeye kimempita.

"Mama Salha," Abdulkadiri alimwambia mkewe, "kaa pale karibu na runinga uwaambie wanasema nini. Wewe si ndiyo kazi yako?"

Jaha akakubali upesi kuliko alivyotaka kuonekana. Kwa siku kadhaa mambo yalikwenda vizuri sana. Alikuwa na masikio mepesi na ulimi mwepesi, na watu walianza kuja kwa ajili ya sauti yake. Hata baba mkwe wake, Mzee Abdulrazaki, aliyekuwa hatoki nyumbani tangu alipofiwa na mke, alikubali kuletewa kiti chenye mgongo akawekwa mbele kabisa. Masika yaliyopita alikuwa amelazwa hospitali kwa ajili ya moyo. Alikuwa amekonda, kanzu ikimning'inia, lakini Sharubu akitokea mzee alitabasamu.

Ndipo ikaja ile sehemu ya daktari.

Sharubu amelala kitandani hospitali. Daktari anamvuta mkewe pembeni, anamweleza kwamba moyo wa mumewe umechoka, asifanye tena kazi nzito. Jaha alitafsiri hayo yote bila kusita. Kisha yule mke akamwangalia mumewe, akamwangalia daktari, akajibu: usijali, daktari, usiku kazi nzito huifanya mimi, yeye miaka yote hulala chali tu.

Watu wasioonekana waliangua kicheko cha kuvunja mbavu. Na Jaha, mdomo umekwisha kufunguka, akauona uso wa baba mkwe wake hatua moja mbele yake. Neno likamkwama. Utamwambiaje mkwe wako hilo? Mtu ambaye humkalii kitanda chake, ambaye unampa maji umepiga magoti?

"Anasema... atamwangalia vizuri," alisema.

Ukumbini hakuna aliyecheka. Kicheko cha kwenye kanda kikaendelea peke yake, kirefu, mpaka kikawa kama kinawacheka wao.

"Mama Salha!" Ilikuwa sauti ya Gerson, fundi mwashi, aliyekuwa hakosi benchi la nyuma. "Kumwangalia vizuri ndiyo watu wapasuke hivyo?"

"Ndivyo alivyosema."

"Hapana. Umetuficha."

Tangu siku hiyo Jaha hakupata pa kutulia kweli. Katuni iliwaingia watu, na maswali yakamfuata kila aendako. Bombani wanawake walimuuliza kwa nini wale watu wana vidole vinne. Alijibu kwamba mchoraji alifanya uvivu, lakini jibu halikuwatosha. Mmoja alishikilia kwamba huko kwao wezi ni wengi na kila mmoja amekatwa kidole. Sokoni Majengo muuza nyanya alimzuia kwa kumshika mkono: yule wa mwavuli anaogopa nini ndani ya nyumba? Na mbwa wao, mbona jana alikuwa na doa jicho la kushoto na leo la kulia? Hayo aliyaweza, au aliyabunia. Lakini kila swali liliishia palepale: na yule mama alimwambia daktari nini?

Kwa kuwa hakusema, wakamsemea. Wengine walisema bibi yule alitoa laana. Wengine, kwa vile kampeni zilikuwa zimepamba moto, walisema ametukana chama, ila hawakukubaliana ni chama kipi. Mjumbe wa nyumba kumi akaja kunywa maji ambayo hakuyahitaji, akauliza, kama mtu anayepita tu, kama ile kanda haina siasa ndani yake.

"Niambie basi mimi," Abdulkadiri alisema mjumbe alipoondoka.

Jaha akamwambia. Abdulkadiri alicheka mpaka akaegemea ukuta, kisha kicheko kikakatika ghafla. "Lakini baba alikuwa pale."

"Si ndiyo maana!"

"Basi buni kitu. Sema chochote."

"Watajua. Hicho kicheko cha kanda kitanisuta."

Alifagia ua uliokwisha kufagiwa. Alipanga sufuria, akazipangua. Lililomsumbua si aibu peke yake. Miaka yote ya simu hakuwahi kuzuia neno la mtu njiani. Hili alilizuia, na likawa limekaa ndani yake kama mwiba wa samaki.

Kisha Mzee Abdulrazaki akaacha kula.

Mwanzoni walidhani ni chakula. Jaha akabadilisha, akampikia wali na mchuzi wa kuku, akamletea uji wa uwele. Mzee alimega kidogo akasukuma sahani. Ukumbini hakwenda tena. Alikaa barazani amegeukia ukuta, tasbihi mkononi haisogei. Asubuhi moja Jaha alipompelekea uji, akapiga magoti na kusema, "Shikamoo, baba," mzee aliitikia marahaba kisha hakupokea bakuli.

"Mwanangu," alisema, "wewe ni mtoto mwenye adabu. Umenitunza. Lakini usinifiche mauti yangu."

Jaha alidhani hakusikia vizuri. "Mauti gani, baba?"

"Yule mwenzangu wa sharubu. Daktari alimwambia mkewe, na wewe ukanyamaza. Ukanitazama mimi, ukanyamaza. Mimi niliona. Ugonjwa wake si ndio wangu? Daktari wangu naye alimvuta Kadiri pembeni vilevile, na Kadiri akarudi akaniambia nitaangaliwa vizuri. Maneno hayohayo." Akaiweka tasbihi mapajani. "Nimekwisha kuelewa. Sikasiriki. Nataka tu kuambiwa."

Jaha aliinuka ghafla, uji ukamwagika mkononi. "Wallahi, baba, si hivyo! Hakusema habari ya kufa!"

"Basi alisema nini?"

Akafungua mdomo. Akamwona mzee, ndevu nyeupe, macho yamemkazia kama ya mtu anayesubiri hukumu. Neno likafika kwenye meno likarudi. Mzee akatikisa kichwa taratibu, akageukia ukuta tena.

Jaha alirudisha uji jikoni, wala hakungoja hata kuvaa viatu. Alitoka mbio akaingia uani kwa jirani yake, Anyesi, Mgogo wa Bahi aliyekuwa akiuza karanga na ubuyu mlangoni mwa ukumbi. Anyesi alikuwa akipepeta karanga. Jaha akamweleza yote, akisimama, akikaa, akisimama tena, na alipofika kwenye lile jibu la mke wa Sharubu, Anyesi alitupa ungo, karanga zikatawanyika.

"Hilo tu ndilo linamuua mzee wa watu?"

"Mimi siwezi kumwambia, Anyesi. Kadiri hawezi. Nani anaweza?"

Anyesi akajifuta machozi ya kicheko kwa ncha ya kanga. "Si mimi hapa? Mmesahau yeye ni nani kwangu?"

Jaha alikuwa amesahau kweli. Babu wa Mzee Abdulrazaki alikuja na misafara kutoka Unyanyembe, huko Unyamwezini, akabaki hapa, akazaa hapa. Na Mnyamwezi na Mgogo ni watani. Wakati mzee alipofiwa, Anyesi ndiye aliyelala katikati ya njia akidai hawapiti na jeneza mpaka apewe mzee awe mume wake, na mzee, katikati ya kilio, alicheka. Mtani anaruhusiwa lisiloruhusiwa, na hakuna wa kumkasirikia.

Jaha alijificha jikoni, macho kwenye upenyo wa mlango. Anyesi akaingia uani kwa kishindo bila hodi.

"Wewe mpagazi! Nasikia umekataa chakula. Unataka kufa kabla hujanilipa ng'ombe wa babu yangu mliowala njiani?"

"Niache leo, mtani," mzee alisema. "Sina nguvu."

"Huna nguvu kwa sababu umesikia nusu ya maneno. Kaa vizuri nikupe nusu nyingine."

Akamwambia. Hakupunguza kitu. Aliongeza, hata, mambo ambayo mke wa Sharubu hakuwahi kuyasema, akainuka na kuonyesha jinsi mtu anavyolala chali, mikono kifuani. Jaha jikoni alijifunika uso wote kwa kanga, masikio yanawaka moto.

Alipothubutu kuchungulia, mzee mabega yalikuwa yakimtikisika, na kwa muda akaogopa kwamba analia. Kisha sauti ikatoka, kavu, yenye kukwaruza, ikaja nyingine, mzee akawa anacheka huku akikohoa na kumpungia Anyesi mkono anyamaze.

"Mama Kadiri," alisema alipopata pumzi, akimtaja marehemu mkewe, "angemjibu daktari vilevile. Vilevile kabisa!" Akacheka tena, halafu akapangusa macho. "Jaha!" akaita. "Najua uko jikoni. Usitoke, mwanangu, tutaaibishana. Nisukumie tu huo uji."

Alikula bakuli lote.

Tangu hapo ukumbi ukawa na wanawake wawili pembeni ya runinga. Jaha alinong'ona, Anyesi akatangaza. Mzee alirudi kwenye kiti chake, na likija neno zito Anyesi alimgeukia yeye kama vile lilikuwa lake. Gerson alipopewa jibu alilolingoja aliruka juu ya benchi, akasema alijua, alijua tangu siku ile. Mjumbe naye alikuja mara mbili, mara hizo bila kiu.

Jaha peke yake hakutulia sawasawa. Alinong'ona neno moja, likatoka kwa Anyesi limevaa nguo nyingine, na watu wakacheka mahali ambapo kanda yenyewe ilikuwa kimya. Kuna nyakati alitaka kusema, hapana, hakusema hivyo. Kisha alimwangalia mzee, akaacha. Hata hivyo ilimkereketa, na Anyesi alijua.

"Ukitaka, sema mwenyewe," Anyesi alimwambia siku moja wakifunga.

"Nitasema vipi, wewe umekwisha kuyaharibu yakawa matamu?"

Wakacheka wote wawili, ingawa Jaha hakuwa akitania sana.

Mzee Abdulrazaki aliishi mpaka mavuno mengine mawili ya zabibu, akafa usingizini. Ukumbi nao haukudumu. Runinga ziliingia kwenye baa na saluni za kunyolea, watu wakatazama bure huku wakinyolewa, na Abdulkadiri akageuza stoo kuwa mashine ya kusaga. Jaha alijaribu kukaa hapo kupokea magunia. Kelele zilikuwa nyingi lakini hazisemi kitu. Asubuhi moja alimwambia mumewe kwamba anakwenda Bahi na Anyesi kutazama mchele, kutazama tu. Akarudi na magunia mawili juu ya lori, koo limemkauka kwa kubishana bei na wakulima na tandiboi, mavumbi mpaka kwenye kope. Wiki iliyofuata akaenda tena, na biashara hiyo ndiyo iliyomlea binti yao Salha mpaka akamaliza shule.